Fungate Tuliyoila Baharini

Siku ya tatu baada ya mazishi ya mume wangu, hitima ilipokwisha na masinia yakiwa bado hayajaoshwa, mdogo wangu Seif aliingia chumbani kwangu hapa Jibondo na masanduku mawili matupu. Alikuwa ameyabeba kwa gari kutoka Baleni hadi Kiegeani, kisha kwa boti ya mashine hadi huku kisiwani, na hakuna mtu aliyemwagiza. Aliyaweka chini ya dirisha, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia kwa upole kwamba nyumba ya Baleni ni kubwa, chumba cha mbele kimepakwa rangi, bomba liko uani, na kwamba sasa Hatibu ametangulia mbele ya haki hakuna tena kinachoniweka Jibondo. Eda ningeimalizia huko, katikati ya watu wangu. Nilimwacha aseme hadi mwisho, maana Seif ni mtu mwema na akikatizwa huanza upya. Kisha nikamwambia ayachukue masanduku yake. Mjane hukaa eda katika nyumba aliyoishi na mumewe, miezi minne na siku kumi, na hata hiyo eda ikiisha mimi siendi popote. Akanitazama, halafu akasema, “Dada, wewe ndiye wa kunifundisha mimi habari za kukaa ndani?” Nikacheka, na sikuwa nimecheka tangu Hatibu aage dunia. Wanawake waliokuwa ukumbini walinyamaza kwa mshtuko, na mmoja alichungulia mlangoni kuona kama akili yangu iko sawa. Lakini Seif alikuwa na haki ya kuuliza. Mafia nzima, kwa watu wa umri wangu, mimi ndiye bibi harusi aliyevunja fungate.

Basi acha niiseme mwenyewe habari hiyo, maana nimeisikia ikisimuliwa vibaya kwa miaka thelathini na minane. Wapo wanaosema nilitoroshwa. Sikutoroshwa na mtu. Kama yupo aliyetoroshwa ni Hatibu, na alitoka chumbani anatetemeka. Wapo wanaosema tulikwenda Zanzibar tukalala hotelini. Hatukufika popote ambapo mtu aliyepanda mnazi mrefu wa Kiegeani asingeweza kupaona. Wanaonikera zaidi ni wanawake wa rika langu wanaosimulia kwa huruma, kana kwamba ulikuwa utoto wa msichana aliyedekezwa, na kwamba nilikuja kujuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilijua ninachokifanya, na sasa nimekaa katika chumba hiki kwa hiari yangu, nikishika sheria ya eda kwa ukamilifu kuliko wengi wao walivyoishika, kwa hiyo nina nafasi na wakati wa kuwajibu.

Habari za ukoo wetu nazipita. Anayezitaka aende Baleni, ataoneshwa minazi na makaburi na atatajiwa babu aliyetoka Omani hata kabla hajauliza. Inatosha kusema kwamba Hatibu, fundi wa vyombo na mvuvi, mtoto wa Jibondo, hakuwa mtu wa kuja kuposa kwetu, naye alikuja. Baba alimkataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali kwa sharti, na sharti hilo alilirudia siku ya nikaha, mbele ya shekhe na wazee wa pande zote mbili, vikombe vya kahawa vikiwa mikononi: Hatibu aache bahari, ahamie Baleni, asimamie shamba la minazi. Hakutaka jibu pale pale. “Kula fungate yako kwanza,” alimwambia. “Siku ya saba nitakuja unijibu.” Kama jibu lingekuwa hapana, Baba angenichukua anirudishe nyumbani, na talaka ingefuata. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, nikisikia kila neno. Niliulizwa kama namkubali mume, nikasema namkubali. Kuhusu mahali pa kuishi hakuniuliza mtu yeyote.

Fungate tulikula kwa shangazi yangu, Bi Rukia, Kiegeani, kwa kuwa ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifunda. Chumba nakiona mpaka leo: kitanda cha besera, chenye pazia juu na miguu mirefu hata ilibidi nipandie kigoda, asmini zimetandazwa juu ya shuka, chetezo cha udi pembeni, na dirisha moja lililofungwa kwa sababu bibi harusi haonwi. Chakula kilikuja kwa masinia. Asubuhi supu ya kuku yenye pilipili manga nyingi, mayai, mkate wa kumimina na chai ya maziwa, adhuhuri pilau, jioni kuku wa kupaka. Hatibu, aliyezoea kunywa chai ya mkandaa isiyo na maziwa na muhogo amesimama, alikuwa akila kwa adabu huku jasho linamtiririka. Alikaa ukingoni mwa kile kitanda, miguu haigusi chini, mikono yake mikubwa ya useremala imelala mapajani haina kazi. Kila upepo ulipopiga makuti ya paa la jikoni aligeuza kichwa kuusikiliza unatokea wapi. Nilimpenda sana asubuhi ile. Nilimuona vilevile atakavyokuwa Baleni, amekaa kwenye kiti cha baraza, anasikiliza upepo ambao haumhusu tena.

Siku hiyo ya pili, uani, wanawake walikuwa wanakuna nazi. Dirisha lilikuwa limefungwa lakini ukuta haukuwa mnene, na Bi Tatu, jirani wa shangazi, ana sauti ya kuita watu shambani. Walikuwa wanamjadili mume wangu. Mmoja alisema mvuvi hatazoea minazi. Mwingine akasema atazoea, mbona mchele na nyama huzoeleka haraka, wakacheka. Mmoja akauliza, na bibi harusi je, yeye anataka nini. Bi Tatu akajibu bila hata kuacha kukuna, “Yule hana neno. Atakaa atakapowekwa.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananisifu. Na nadhani kama angesema kwa ubaya ningelia kidogo yakaisha, lakini ile sifa ilinikaa kooni, na sikuweza tena kula.

Nikamuuliza Hatibu kwao kukoje. Akaanza kunieleza habari za Jibondo kama mtu anayeeleza kwa mgeni: kisiwa cha mawe, hakina mashamba, watu wanaunda vyombo na kuvua. Nikamwambia sitaki kuelezwa, nataka kupaona kabla siku ya saba haijafika. Aliniangalia kana kwamba nimesema nataka kupanda mwezini. Akasema, “Na fungate?” Nikamuuliza fungate ni nini. Akasema ni bwana na bibi kukaa pamoja siku saba bila kuchanganyika na watu. Nikamuuliza kwenye mashua yake kuna watu gani. Akasema hakuna mtu. Nikamuuliza kama ina mahali pa kulala. Akafikiri, kama fundi anavyofikiri anapoulizwa kipimo, akasema kuna turubai, na akilifunga vizuri nyuma linakuwa kama chumba. “Basi,” nikamwambia. Tulipogeuka, shangazi alikuwa mlangoni na sinia la pilau, na alikuwa amesikia yote.

Nilidhani atapiga ukunga. Alifunga mlango kwa kisigino, akaweka sinia chini, akakaa juu ya kigoda changu. Aliniuliza kama nina wazimu. Alimuuliza Hatibu kama ana wazimu. Kisha akawa anaokota asmini zilizoanguka sakafuni, moja moja, na mimi sikujua wakati ule anafikiria nini. Baadaye sana aliniambia alikuwa anakumbuka fungate yake mwenyewe, na mtu aliyewekwa naye ndani. Hatimaye akasema kwamba wakati wa sala ya adhuhuri uani hapana mtu, na njia ya shambani inafika kwenye mikoko. Mlango wa chumba ataufunga yeye na ufunguo atautia kibindoni. Siku ya saba, kabla ya adhuhuri, tuwe kitandani. Na kwa siku zote zilizofuata mwanamke yule alipokea masinia jikoni, akayaingiza chumbani, akajifungia, akala. Alikula kuku wa bwana harusi, akanywa supu ya bwana harusi, akarudisha vyombo vitupu na kuwaambia wapishi kwamba maharusi wana hamu nzuri ya chakula, alhamdulillahi. Kiegeani nzima ilisifu haya yangu. Mpaka anakufa shangazi alisema hajawahi kula vizuri kama katika fungate yangu.

Ulikuwa msimu wa matlai, upepo mwepesi na bahari ya kutembelewa na mtu yeyote. Tulitoka kwenye mikoko kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, na maji yalipofika kina Hatibu akapandisha tanga, na chombo kikaegama upande mmoja nami nikashika ubao kwa mikono miwili nikijua ndio mwisho wangu. Kilipotulia nikageuka nyuma. Niliishi kisiwani miaka kumi na tisa na sikuwahi kukiona kisiwa. Kile kilichokuwa dunia nzima, na misikiti yake na mashamba yake na watu wa kusema, kilikuwa mstari wa minazi na mchanga mweupe, na nilipoinua kiganja changu chenye hina kiliufunika wote. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu. Tulipita Chole, tukavuka hadi Juani, tukatia nanga mbele ya magofu ya Kua, na asubuhi tukatembea ndani ya mji ule wa watu wa kale, mizizi imeshika kuta, mbuzi wa mtu analala mihrabuni. Utotoni nilitishiwa kwamba pale pana majini. Hatibu aliswali rakaa mbili, mimi nikakaa katika kilichokuwa chumba cha mwanamke fulani, chenye vidaka vya kuwekea vyombo ukutani na hakina paa, nikala muhogo wa kuchoma na tende, nikawaza kwamba naye bila shaka alikula fungate humo ndani, dirisha limefungwa. Mchana tukatweka tena hadi kwenye fungu la mchanga upande wa kusini, lisilo na mti wala mtu, na tukalala hapo chini ya turubai letu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo watu wa Jibondo wananitania nalo hadi leo. Mashuani kulikuwa na madumu mawili ya maji. Shangazi, aliponifunda, alinifundisha josho la alfajiri kwa mke aliyeolewa: maji matamu, ndoo nzima, kutoka utosini hadi unyayoni, asibaki unywele mkavu. Nikafanya kama nilivyofunzwa. Alfajiri ya Kua nilioga ndoo nzima, na mchana nikaosha nywele kwa majani ya mkunazi, nikasuuza na kanga zangu mbili. Alfajiri iliyofuata nikaoga tena. Hatibu alikuwa anajitupa baharini, anaogelea, anatia nia, anatoka ametoharika, na kwa kuwa tulikuwa wageni wa siku tatu tu na kila mmoja anamstahi mwenzake, mimi nikioga nyuma ya turubai yeye alikwenda mbele akatazama upande mwingine. Hakuniambia nioge maji ya bahari kwa kuwa haikumpitikia kwamba yupo mtu asiyejua. Kwao hata mtoto mdogo hahitaji kuambiwa. Mimi sikumuuliza kwa kuwa kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza maji nimemaliza mangapi. Asubuhi ya siku ya nne alinyanyua dumu la kwanza kupika chai, likaja jepesi. Akanyanyua la pili. Alitazama ndani ya tundu lake kwa muda, kisha akanitazama nywele zangu, safi, zinanukia mkunazi. Kisha akaanza kukunja turubai.

Upepo nao ukafa. Tulikaa tangu asubuhi hadi alasiri katika shwari, tanga limelegea, Hatibu akipiga kasia na midomo imekauka, mimi nikishika usukani usio na kazi na kulia kimyakimya kwa hasira. Tulikuwa tumepanga kufika Jibondo siku ya sita, nimevaa, nimejitia udi, nina zawadi ya kanga na haluwa kwa mama mkwe ambaye hakuja harusini kwa kuwa alisikia sharti la Baba. Badala yake tulifika siku ya nne, mimi nimeunguzwa na jua, na kitu cha kwanza nilichompelekea mama mkwe wangu mkononi kilikuwa dumu tupu.

Bi Mwanahawa alikuwa sakafuni anasuka ukili. Chumba chake, ndicho hiki ninachokalia eda, kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, na pembeni pipa lenye kifuniko cha ubao, na juu ya ubao jiwe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinuka. Aliitazama hina yangu, akalitazama dumu, akauliza maji yamekwenda wapi. Hatibu, maskini, akaanza kusema dumu limevuja. Nikaona kwamba nikiuacha uongo huo nitauishi milele. Nikasema, “Niliyaoga, mama. Yote.” Akaacha kusuka. Aliondoa jiwe, akafunua pipa, akachota kata moja, akanipa nikanywa, akamchotea mwanawe, akafunika, akarudisha jiwe. Ndipo akasema kwamba visima vya Jibondo maji yake hayanyweki, kwamba chombo cha maji kinakwenda Kiegeani kesho alfajiri, na kwamba aliyemaliza maji ndiye anayekwenda kuyateka. Hatibu akasema atakwenda yeye. Mama yake alikuwa ananitazama mimi.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na mchuzi wa papa mkavu, kutoka sahani moja, na nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Baada ya hapo nikalala kidogo mkekani, na wao wakadhani nimelala kabisa. Jirani alikuwa amekuja. Nilimsikia akimwambia mama mkwe kwamba kumpeleka bibi harusi kisimani Kiegeani ni kumvua nguo mbele ya watu wao, na kwamba hatakwenda. Mama mkwe akasema, “Nataka asiende. Akienda mumewe badala yake, nitajua kwamba mwanangu ameshahamia Baleni.” Nilibaki nimefumba macho. Wanawake wawili katika siku tatu, mmoja ana uhakika nitakaa atakaponiweka mtu na mwingine ana uhakika nitakimbia, na wote wamenipima bila kuniuliza. Sitasema sikuogopa. Niliogopa kwa ajili ya shangazi, aliyekuwa anakula masinia kwa ajili yangu, na niliogopa kwa ajili ya ndoa yangu, maana nikionwa habari zingefika Baleni kabla ya jua kuchwa. Lakini nilijua tayari kwamba nitakwenda.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye chombo katikati ya wanawake kumi na madumu yao, wakaniuliza kwa adabu kama nimelala salama na hawakuuliza zaidi. Kisima cha Kiegeani kiko mahali pa wazi na asubuhi huwa kimejaa watu. Nilishika kamba, nikateremsha ndoo, na hina ya bibi harusi haifutiki kwa siku nne. Ilikuwa nyekundu mpaka kwenye vifundo. Bi Tatu alisimama ng'ambo ya kisima na ndoo yake kichwani. Alinitazama mikono, halafu miguu, halafu uso. Ningeweza kuvuta kanga. Wenzangu wa Jibondo walishaanza kunisogelea wanizibe, jambo ambalo sikulisahau kamwe. Nikamwamkia, “Shikamoo Bi Tatu,” kwa sauti ya kutosha. Aliitikia kwa mazoea, kisha akaondoka haraka hata akamwaga nusu ya ndoo. Nami nikajaza madumu yangu mawili, nikabebeshwa moja kichwani, nikalimwaga lote kabla ya kufika ufukweni, nikarudi nikalijaza tena.

Mama mkwe alitukuta ufukweni. Alilishika dumu la pili nilipotaka kulitua, akalitua yeye. Hakusema neno la sifa, na katika miaka tuliyoishi naye nadhani aliniambia la sifa mara mbili. Lakini jioni ile alitoa kigoda akaniambia nikae, akanisuka nywele, na alipokuwa ananisuka alinieleza maji ya masika yanavyokingwa, paa lipi linatoa maji safi na lipi halitoi, kama mtu anayemweleza mwenye nyumba. Siku ya sita tulitembea tu. Tulizunguka visiwa bila sababu, Hatibu na mimi, na alinifundisha kubisha, chombo kinapokwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku. Nilikosea, tanga likanipiga bega, nikarudia hadi nikapatia. Kisha akalala, kichwa mapajani mwangu, akaniachia usukani na demani, ile kamba ya tanga, na mimi nikakipeleka chombo peke yangu kutoka Juani hadi karibu na Chole huku mume wangu anakoroma. Nimezaa watoto watatu na nimekwenda hija, na bado sijui kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile.

Siku ya saba shangazi alikuwa anatusubiri kwenye mikoko, ameshika buibui langu na chupa ya marashi. Baba alishafika. Bi Tatu alishasema. Lakini, shangazi akaniambia huku ananifuta chumvi usoni kwa ncha ya kanga, Baba amekataa kuamini; nipite mlango wa nyuma, nivae, nitoke chumbani kama bibi harusi, niseme sijui chochote, na yatakwisha. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia aseme nilitoka bila yeye kujua, akasema masinia yatamsuta, na tukajikuta tunacheka sote wawili katikati ya matope ya mikoko, kicheko kibaya cha watu wenye hofu. Halafu nikapita mlango wa mbele, na shangazi akanifuata.

Baba alikuwa sebuleni na wazee wawili. Aliniona nilivyo, kanga imekakamaa kwa chumvi, pua imebambuka kwa jua, na bado alinipa nafasi. “Bi Tatu anasema alikuona kisimani,” akasema. “Nimemwambia macho yake yamezeeka.” Nilielewa kwamba ananiomba. Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu. Ilikuwa neno moja tu, na angemgeukia Hatibu, na Hatibu, ambaye usiku wote uliotangulia aliniambia kwamba kwa ajili yangu atakwenda Baleni akakae chini ya minazi, angejibu ndiyo, na kila mtu angekula pilau. Nikasema, “Macho ya Bi Tatu mazima, Baba. Na swali ulilomuachia mume wangu, jibu lake ninalo mimi. Tutaishi Jibondo.” Mzee mmoja akaanza kusema astaghfirullah, Baba akamnyamazisha kwa mkono. Alijiandaa kupambana na mkwe mkaidi. Kupambana na mimi hakujiandaa. Akasema, kwa sauti ya chini, “Jibondo hakuna hata maji.” Nikamwambia najua, ndiyo niliyokuja kuyateka. Alisimama, akaacha kahawa yake, akasema asisikie jina langu Baleni, akatoka. Shangazi alikaa juu ya kiti chake kilichokuwa bado na joto na kuinywa ile kahawa, kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kushika.

Mwaka ule uliobaki nauita mwaka wangu kuliko mwaka mwingine wowote. Nilijifunza kubeba dumu bila kumwaga, kuoga maji ya bahari, kusokota pamba ya kuzibia nyufa za vyombo, kwenda pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Masika ilipoanza tulipanga kila sufuria na kila beseni chini ya paa, hata bakuli la haluwa, na mama mkwe aliamka kila saa kuyamwaga pipani. Na nilimkosa baba yangu kila siku ya mwaka ule. Nasema hivyo wazi kwa sababu wale wanaosema nilijuta huchanganya mambo hayo mawili. Siku ya Idi nilikaa ufukweni tangu baada ya sala hadi adhuhuri, nikitazama upande wa Kiegeani, nikijua kwamba hakuna anayekuja. Hatibu aliniambia nimtumie salamu. Sikutuma. Yeye naye hakutuma. Mwaka ukaisha hivyo, na mingine mingi ikafuata, na watoto wangu walimjua babu yao kwa kuoneshwa upande alipo.

Baba alinipa ruhusa ya kuja alipougua ugonjwa wa mwisho, na hata hiyo hakuisema, ila siku moja alimuuliza Seif kama chombo cha Jibondo bado hufika Kiegeani. Seif akaelewa, akanifuata. Nilimkuta amelala chumba cha mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mto umewekwa ubavuni asianguke. Nilimwamkia. Alichukua muda mrefu kunitazama, mikono yangu hasa, iliyokwishakuwa mikono ya mtu wa huku, imekatwakatwa na mawe. Nilikaa sakafuni karibu na kichwa chake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, si kwa nilichokichagua bali kwa namna nilivyomsimamisha mbele ya watu, na sikupata nafasi ya kuyasema, maana yeye ndiye aliyeanza.

“Jibondo mmeshapata maji?”

“Bado, Baba.”

“Na wewe bado uko huko.”

“Bado niko.”

Alivuta pumzi, akausogeza mkono wake juu ya shuka, polepole, mpaka ukafika juu ya wangu. “Ukaidi huo,” akasema, “umeutoa kwangu.” Akafumba macho, na mkono hakuuondoa.